Grafu Iliyohama Bila Kuhama

Mwalimu wetu wa hesabu hakutupenda, wala hakujisumbua kuficha. Siku ya kwanza ya kidato cha tano aliingia darasani, akatupitisha macho kuanzia dirishani hadi mlangoni, akasema tumezidi. Tahasusi ya fizikia, kemia na hesabu, alisema, haikuwekwa kwa ajili ya watu waliokosa pa kwenda. Ng'ambo ya ukumbi kulikuwa na tahasusi ya kemia, baiolojia na jiografia, yenye nafasi za kutosha, na yeye mwenyewe angetusaidia kuvuka.

"Kyela hii ina kakao, ina mpunga, ina ndizi," alisema. "Hakuna hata kimoja kinachouliza tanjenti. Asiyeweza asione aibu."

Hakuwa mgeni. Alizaliwa upande wa Itungi, alisoma shule zetu hizi hizi, na alikuja kazini kwa pikipiki akipita kwenye mashamba ya watu aliowataja. Kwa hiyo aliposema maneno hayo alijua yanagusa wapi.

Wiki hiyo alituuliza mmoja mmoja tunataka kuwa nani. Nilijibu kwamba nataka kuwa mhandisi.

"Mhandisi wa nini? Wa matuta?"

Darasa likacheka. Mimi ni mtoto wa Katumba Songwe, na baba yangu wakati ule alikuwa kwenye matuta kweli, jembe mkononi. Lakini jibu langu la kwanza lilibaki vile vile. Chuo nilichokitaka hakikumchukua mtu asiye na hesabu ya kidato cha sita. Kuvushwa ng'ambo ya ukumbi kungemaliza jambo hilo palepale, nami nilijua kwamba yeye anajua.

Meza yangu ilipakana na ya kijana mmoja wa Mbugani. Mama yake aliuza vitenge, akivuka mto Songwe mara kwa mara kwenda kwa ndugu zao upande wa Malawi, na kijana huyu alitembea shuleni kama mtu ambaye kila mlango anaupita tu. Niseme ukweli: fizikia alinishinda, na si kwa kidogo. Alinishinda pia kwa mdomo. Mimi aliniita "sista wa mpakani", ingawa mpaka ule familia yake ndiyo iliyoishi kwa kuuvuka.

Ni yeye aliyetengeneza nyoka.

Nyoka kilikuwa kipande cha plastiki alichokikata kwa wembe kutoka kwenye dumu la mafuta ya kula. Plastiki ile ilipitisha mwanga, hivyo ukiilaza juu ya karatasi ya grafu uliona miraba chini yake. Ukingo wake mmoja ulikatwa kwa umbo la tanjenti: unaanzia chini kabisa, unapanda kwa kasi, unalegea unapokata mstari wa katikati, kisha unapanda tena ghafla kama anayekimbia. Upana wake ulikuwa nyuzi mia na themanini kwa skeli tuliyoitumia shuleni. Uliweka nyoka, ukapitisha penseli, ukamsogeza mbele, ukapitisha tena. Mchoro uliokuwa unamchukua mtu nusu saa ukaisha kabla hajakaa vizuri. Darasa zima lilimtumia. Wenyewe tulipeana zamu, na zamu ilipangwa na kijana wa Mbugani.

Mwezi wa kumi na moja tukafika kwenye tanjenti zilizobadilishwa. Ukweli wa kwanza mwalimu aliusema vizuri, na niliusikia. Aliuliza tanjenti inajirudia kila baada ya nyuzi ngapi. Mwanafunzi mmoja wa nyuma akasema mia tatu na sitini.

"Hiyo ni saini. Hiyo ni kosaini. Nimeuliza tanjenti."

"Mia na themanini, Mwalimu."

"Sasa ulikuwa unamtafuta nani huko mia tatu na sitini?"

Akaandika ubaoni kwamba kipindi, yaani umbali ambao grafu inakwenda kabla ya kuanza kujirudia, ni mia na themanini kwa tanjenti ya kawaida. Penye tisini inakatika: haina thamani yoyote. Mchoro unapanda kando ya mstari wa wima bila kuugusa, halafu unaibuka kutoka chini upande wa pili. Kisha akasema kwamba x ikiwa na namba mbele yake, mia na themanini unaigawa kwa namba hiyo. tan 2x inajirudia kila baada ya tisini. Inabanwa.

Hapo mvua ikashuka. Aliyewahi kukaa darasa la bati Kyela anajua kwamba mvua ikishuka hakuna mazungumzo tena. Walimu wengine walikaa na kusubiri. Huyu hakukubali kushindwa na mvua. Aliandika tan(2x − 90°) akaendelea kufundisha, mdomo ukienda, sauti hatuipati. Tulibaki na mikono yake tu. Tuliona ameweka viganja viwili ubaoni, akavisogeza kulia. Kisha tukaona amevikaribianisha, kama mtu anayebana kitu. Akachora haraka, mgongo wake ukiwa umeuziba mchoro, akafuta kwa kitambaa, akageuka. Midomo yake ikasema: mmeelewa? Tukatikisa vichwa kukubali. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuonyeshwa ng'ambo ya ukumbi.

Mvua ilipokatika, yeye alikuwa ameshaondoka. Kijana wa Mbugani akajigeuza kuwa mwalimu.

"Rahisi. Unasogeza kulia tisini, halafu unabana. Basi."

"Unabana kuelekea wapi?" nikamuuliza.

"Pale pale ilipo, sista. Macho si unayo?"

Jioni hiyo akakata nyoka mdogo, mwenye nusu ya upana wa yule mkubwa, kwa ajili ya grafu za 2x. Alijivunia sana. Tangu hapo kazi ikawa hivi: unamchukua nyoka mdogo, unamsogeza kwa namba iliyo kwenye mabano, unapitisha penseli.

Ilipofika zamu yangu nilichora tan(2x − 90°) kwa njia hiyo, nikakaa nikiiangalia. Ilikata mstari wa katikati penye sifuri, penye tisini, penye mia na themanini. Nilikuwa na karatasi ya siku iliyotangulia yenye tan 2x tupu. Nikaziweka moja juu ya nyingine, nikaziinua dirishani. Zililingana kila mahali.

"Hii imehama bila kuhama," nikamwambia.

"Kipindi chake ni ngapi?"

"Tisini."

"Umeisogeza ngapi?"

"Tisini."

"Ukiisogeza kipindi kizima, si inajilalia yenyewe? Wewe ulitaka ikahamie wapi, Matema?"

Wenzetu wakacheka. Alichosema kilikuwa kweli. Grafu inayojirudia ukiisogeza kipindi kizima huoni tofauti. Sikujua bado kwamba swali lilikuwa jingine: nani alisema isogezwe tisini?

Ijumaa tulifanya jaribio, na swali la grafu lilikuwa hilo hilo. Mwalimu alirudisha karatasi baada ya mapumziko, akazimwaga mezani badala ya kuzigawa.

"Nimesahihisha karatasi moja," alisema. "Zilizobaki ni kivuli chake. Darasa zima mmekosa kosa moja, mahali pamoja, kwa umbo moja. Mngeiba angalau jibu sahihi."

Akaanza kupita kwenye meza, akifungua mikebe ya jometri. Siku hiyo zamu ya nyoka mdogo ilikuwa yangu. Alimtoa kwenye mkebe wangu kwa vidole viwili, akamwinua juu.

"Hii nini?"

Kabla sijafungua mdomo jirani yangu akajibu. "Ya kwake, Mwalimu. Katumba huko madumu ni mengi."

"Si yangu," nikasema. "Ni yake yeye. Ameikata yeye."

"Imekutwa kwa nani?"

Nikawaangalia wenzangu. Watu ambao asubuhi ile walikuwa wamegombea zamu walikuwa wanasoma meza zao. Miaka imepita, na wawili kati yao nimewauliza. Mmoja alisema hakumbuki. Wa pili alisema anakumbuka, na kwamba hata leo angenyamaza.

Mwalimu akajaribu kuivunja ile plastiki. Ilijikunja tu, ikarudi ilivyokuwa. Akaikunja tena, ikarudi. Akaitia mfukoni kwa hasira.

"Jumatatu unasimama ubaoni, wewe. Bila plastiki. Ukikosa, unabeba meza yako na kiti chako unavuka. Na usije na mzazi. Mzazi hajui tanjenti."

Nilikuwa nakaa kwa shangazi yangu, Mbugani, kwa sababu nyumbani ni mbali na shule. Shangazi aliuza mchele barazani kwake. Hakuwa mtu mbaya, lakini hakuamini masomo ambayo hayana kitu cha kushika. Jumamosi asubuhi alinikuta nimekaa kwenye benchi lake na karatasi za grafu.

"Ugonile, mhandisi."

"Ndaga, shangazi. Shikamoo."

"Marahaba." Akatazama mistari iliyojipinda kwenye karatasi. "Nyoka hao wanauzwa?"

"Shangazi, nakuomba."

"Nimeuliza tu. Mchele wa kupeta upo. Nyoka wakiisha uje."

Nilikuwa nimekaa na jambo moja. Jirani yangu simwamini tena. Mwalimu simwamini. Grafu yangu mwenyewe imewekewa mkasi mwekundu wa kosa. Kilichobaki ni kuipima nukta moja moja, kama mtu anayekwenda kuuliza majirani kabla ya kuandika habari. Nikachukua kikokotoo na kuanza na tisini, pale ambapo mchoro wangu ulikata mstari wa katikati kwa amani kabisa. Mbili mara tisini, mia na themanini. Toa tisini, inabaki tisini. Nikabonyeza tanjenti ya tisini.

Kikokotoo kikaandika kwamba ni kosa.

Nikafikiri nimebonyeza vibaya. Nikarudia. Kosa. Nikatoa betri, nikaisugua kwenye sketi, nikairudisha. Kosa.

"Kimekufa?" shangazi akauliza kutoka kwenye ungo wake.

"Kinakataa."

"Na wewe unakikazania. Mtoto wa ndugu yangu, una shingo ngumu."

Nikajaribu sifuri. Mbili mara sifuri, toa tisini: hasi tisini. Kosa tena. Basi mahali pawili ambapo grafu yangu ilivuka mstari kwa utulivu ndipo hasa tanjenti hii ilipokatika. Haikuwa imekosea kidogo. Ilikuwa imesimama pasipo na ardhi.

Nikachukua katikati yao, arobaini na tano. Mbili mara arobaini na tano, tisini. Toa tisini, sifuri. Tanjenti ya sifuri ni sifuri. Hapo ndipo mchoro unapokata mstari. Hapo ndipo katikati ya nyoka ilipotakiwa kukaa.

Niliacha penseli. Kutoka sifuri hadi tisini, mkato hadi mkato, ni tisini: kipindi kilikuwa sawa siku zote. Kilichokosewa ni mahali. Grafu haikuhama tisini, ilihama arobaini na tano, yaani tisini iliyogawanywa kwa ile mbili iliyo mbele ya x. Nikaiona tena mikono ya mwalimu kwenye mvua. Alisogeza kulia, kisha akabana, lakini hakubana pale pale viganja vilipokuwa. Alibana kila kitu kuelekea mstari wa wima uliosimama penye sifuri, na alipobana, hata ile hatua aliyokuwa amesogea ilibanwa, ikawa nusu. Sisi tuliona viganja vinakaribiana. Hatukuona vinakwenda wapi, na nyoka wa plastiki hawezi kukuonyesha, kwa sababu yeye anabanwa wakati anakatwa kwa wembe, kabla hujamweka kwenye karatasi.

Nilidhani nitafurahi. Nilikasirika zaidi. Mtu mzima alisimama mbele yetu akiona wazi kwamba hatusikii hata neno moja, akaendelea, kisha akatuita wezi kwa sababu sote tulibahatisha kitu kimoja.

Nilipeta mchele hadi saa sita, nikarudi kwenye benchi. Nikajitungia maswali mengine: ya tatu mbele ya x, ya nusu, ya kujumlisha badala ya kutoa. Kila mara nilianza na mabano. Ni wapi yanakuwa sifuri? Hapo ndipo katikati. Ni wapi yanafika tisini, na wapi hasi tisini? Hapo ndipo panapokatika. Kikokotoo kilikubali na kukataa mahali nilipotarajia.

Jumatatu mwalimu aliingia bila kusalimu. Akaandika tan(½x + 30°) akanipa chaki kwa namna ya mtu anayetupa kitu.

"Sogeza thelathini kushoto," jirani yangu akanong'ona, kwa sauti iliyofika hadi dirishani. Sijui mpaka leo kama alidhani ananisaidia.

Nikaandika mabano ni sifuri. Nusu ya x ni hasi thelathini, kwa hiyo x ni hasi sitini. Nikaweka nukta. Kisha nikaandika kipindi: mia tatu na sitini. Darasa likaguna, na mtu akacheka kwa pua.

"Ngapi?" mwalimu akauliza.

"Mia tatu na sitini."

"Nilisema nini kuhusu mia tatu na sitini humu ndani?"

"Ulisema tanjenti ya kawaida ni mia na themanini, Mwalimu. Hii ina nusu. Mia na themanini ukiigawa kwa nusu inatanuka."

"Unabishana na mimi?"

"Nimegawanya."

Nikachora mistari ya wima, mmoja penye mia na ishirini, wa pili penye hasi mia mbili na arobaini. Akaja karibu hadi nikasikia harufu ya mvua kwenye koti lake. Akagonga ubao.

"Hapa mia na ishirini. Ingiza."

"Nusu yake sitini. Jumlisha thelathini, tisini. Hapo haina thamani."

Hakusema sawa. Hakusema kosa. Alisema, "Chora ile ya Ijumaa."

Nikaichora, na nikaikatisha kwenye sifuri na kwenye tisini, nikaipitisha arobaini na tano. Nyuma yangu minong'ono ikaanza, kwa sababu kila mtu alikuwa na tisini kwenye daftari lake.

"Kwa nini si tisini?"

"Kwa sababu ukiibana, hata ile hatua uliyosogea inabanwa."

"Nilisema hivyo."

"Ilikuwa inanyesha, Mwalimu."

"Nilisema hivyo," akarudia, taratibu zaidi. Akaninyang'anya chaki. "Kaa. Na wewe unayenong'ona, njoo."

Jirani yangu akainuka akirekebisha kola. Alipewa tan(3x − 60°). Kipindi alikipata bila shida, sitini. Kisha akasita. Alikuwa amesikia kwamba tisini iligeuka arobaini na tano, na nikaona usoni mwake ameshafikia uamuzi. Akaandika thelathini. Nusu ya sitini.

Akageuka nusu, akaniangalia. Haikuwa dharau tena, alikuwa anauliza. Jibu lilikuwa ishirini, na lilikuwa mdomoni mwangu. Niliangalia ubao.

"Nusu umeitoa wapi?" mwalimu akauliza.

"Kwake yeye."

"Kwake kulikuwa na mbili. Wewe hapo una ngapi?"

"Tatu."

"Ingiza thelathini yako."

Akaingiza. Tisini toa sitini, thelathini. Tanjenti ya thelathini si sifuri, na alijua, alikuwa na akili ya kutosha kujua. Alisimama na chaki mkononi huku mwalimu akimtazama kwa raha ile ile aliyotutazama nayo siku ya kwanza.

"Umezoea kuonyesha wenzako njia," mwalimu akasema. "Haya, onyesha. Beba."

Alibeba kwanza kiti, akarudi kuchukua meza. Miguu ya meza ilikwaruza sakafu, na akainama karibu na sikio langu.

"Umefurahi, sista?"

"Nimefurahi."

Nilikuwa nimefurahi. Watu wengi niliowasimulia husubiri niseme kwamba baadaye nilijuta, na mimi sina cha kuwapa. Ijumaa ile palikuwa na nafasi ya mtu mmoja wa kuonewa kwa sababu ya plastiki, na yeye ndiye aliyenisukumia mimi. Alivuka ukumbi, akamaliza kidato cha sita huko. Tulikutana kwenye foleni ya maji mara nyingi, na hatukusalimiana.

Mlango ulipofungwa, mwalimu akanionyesha nafasi iliyokuwa mbele kabisa, mbele ya meza yake.

"Sogeza meza hapa. Nikuone."

Nikaisogeza. Wenzangu wakapisha miguu, wakiangalia pembeni kama Ijumaa. Nilipokaa, yeye alikuwa ameshafuta ubao wote, pamoja na mchoro wangu.

"Usijivune," alisema akiwa amenipa mgongo. "Tanjenti imekubakiza. Kotanjenti itakutoa."

Akaandika cot(2x − 60°). Hakueleza kitu. Nikaanza na mabano: yanakuwa sifuri penye thelathini. Mkono ukataka kuweka nukta hapo, kama kawaida, nikauzuia. Kotanjenti ni moja iliyogawanywa kwa tanjenti, na tanjenti hapo ni sifuri, na moja huwezi kuigawa kwa sifuri. Hapo haikati mstari wa katikati. Hapo ndipo grafu inapokatika. Nikachukua rula, nikachora mstari wa wima penye thelathini, na mwingine kipindi kimoja mbele yake, penye mia na ishirini, nikasubiri ageuke.